Fairtrade, kilimo hai, au vyote viwili? Kuchagua kahawa ya wakulima wadogo wa Amerika Kusini

Paketi ya kahawa kutoka Peru inaweza kubeba nembo ya Fairtrade peke yake, nembo ya kilimo hai peke yake, zote mbili kwa pamoja, au isibebe yoyote na bado ikawa imetoka kwa mkulima wa hekta mbili. Wanunuzi wengi huzichukulia nembo hizi kama mapacha, na hapo ndipo wanapokosea. Fairtrade inahusu mkataba: nani anauza, kwa bei gani, analipwa lini. Kilimo hai kinahusu shamba: nini kimetiwa kwenye udongo, nini kimepulizwa kwenye majani. Juu ya ladha, zote mbili ziko kimya. Kahawa yenye nembo tatu inaweza kunuka gunia kuukuu, na isiyo na nembo hata moja ikawa tamu.

Kwa hiyo tunalinganisha mara mbili: kwanza nembo kwa nembo, halafu nchi kwa nchi.

Kila nembo inalipa nini

Bei hizi ni za Arabika iliyooshwa (iliyomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa), kwa ratili moja (karibu gramu 454), kwa viwango vya Fairtrade International vilivyoanza Agosti 2023. Kabla ya hapo bei ya chini ilikuwa dola 1.40 na nyongeza ya kilimo hai senti 30.

| | Fairtrade tu | Kilimo hai tu | Zote mbili |
|---|---|---|---|
| Bei ya chini | dola 1.80 | hakuna | dola 2.20 |
| Ziada ya ushirika | senti 20 | hakuna | senti 20 |
| Anayeruhusiwa kuuza | vyama vya wakulima wadogo | yeyote, hata shamba kubwa | vyama vya wakulima wadogo |
| Mbolea na dawa za viwandani | zinaruhusiwa, ila zilizo kwenye orodha ya marufuku | haziruhusiwi | haziruhusiwi |
| Kungoja kabla ya kuuza kwa nembo | hadi ukaguzi upite | miaka 3 | miaka 3 |
| Fedha za awali | hadi asilimia 60 ya mkataba, ushirika ukiomba | hakuna sharti | hadi asilimia 60 |

Soko la New York, ambako bei ya Arabika duniani hupangwa, likiwa juu ya bei ya chini, mnunuzi wa Fairtrade hulipa bei ya soko, kisha huongeza senti 20, na senti 40 nyingine kama kahawa ni ya kilimo hai. Zile senti 20 haziingii mfukoni mwa mkulima moja kwa moja. Mkutano mkuu wa ushirika ndio unaopiga kura zitumikeje, na angalau senti 5 kati yake lazima ziende kwenye ubora na tija: mashine za kumenya, meza za kuanikia, miche.

Kosa la kawaida zaidi katika mazungumzo ya Fairtrade ni kudhani kwamba dola 1.80 ndiyo bei ya shambani. Ni bei ya bandarini, kahawa ikiwa imeshapakiwa melini. Kabla haijamfikia mkulima, ushirika hukata gharama za kukoboa, kuchambua, magunia, lori, ukaguzi na riba ya mkopo. Chama kinachoendeshwa vizuri hukata kidogo, kizembe hukata sana, na nembo ni ile ile. Aidha, chama chenye cheti hakiuzi lazima mavuno yake yote kwa masharti ya Fairtrade. Wanunuzi wakiwa hawatoshi, gunia linalobaki huuzwa kama kahawa ya kawaida.

Sharti la fedha za awali halitangazwi sana, ila kwetu ni kubwa kuliko linavyoonekana. Wasomaji wa Kagera wanaijua butura: kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ya shule haingoji mavuno. Milimani Peru wanunuzi wa kati hufanya kazi kwa mtindo unaofanana, wakija na fedha taslimu ushirika ukiwa hauna. Chama kilicholipwa sehemu ya mkataba mapema kinaweza kumlipa mwanachama siku anayoleta kahawa. Kisicholipwa humwomba asubiri, naye ana kila sababu ya kutosubiri.

Soko likipanda, likishuka

Mwishoni mwa 2001 bei ya New York ilikuwa chini ya senti 50 kwa ratili. Mwaka 2019 ilishuka tena chini ya dola moja. Februari 2025 ilipita dola 4. Nembo zetu mbili hazifanyi kazi sawa katika nyakati hizi.

Chukua kwintali, yaani ratili 100 au kilo 46, kipimo kinachotumika Peru. Soko likiwa dola 1.80 au chini yake, kwintali ya Fairtrade ni dola 180, na ya Fairtrade na kilimo hai ni dola 220 (ile ziada ya senti 20 tuiache pembeni, ni sawa kote). Mkulima wa kilimo hai anaweza kuvuna pungufu kwa asilimia 18 na bado akapata mapato sawa na jirani yake anayetia urea. Soko likiwa dola 4, hesabu ni 400 dhidi ya 440. Sasa anaweza kumudu upungufu wa asilimia 9 tu. Nyongeza imebaki senti 40 zile zile huku kila kitu kingine kimepanda.

Bei nzuri ndiyo inayowatoa wakulima kwenye kilimo hai. Bei ya chini ya Fairtrade hulinda soko linapoanguka na hukaa bila kazi linapopaa. Nyongeza ya kilimo hai hufanya kazi wakati wote, lakini hupungua nguvu soko likipanda. Mnunuzi anayetaka kahawa hai ya mkulima huyo huyo mwaka hadi mwaka ajiandae kulipa zaidi ya senti 40 katika miaka ya bei kubwa. Asipofanya hivyo, atakuta msambazaji wake hana mzigo, au mzigo upo na karatasi zake zina mashaka.

Bei kubwa huviumiza hata vyama. Kolombia mwaka 2021 wakulima wengi walikuwa wameahidi kahawa kwa bei ya zamani. Soko lilipopanda, waliiuza kwingine, na vyama vikabaki na mikataba visivyoweza kuitimiza. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa miezi kumi mbele, uliza kama bei imefungwa au inafuata soko.

Kilimo hai kinadai nini shambani

Miaka mitatu ya kwanza ni migumu. Mkulima ameacha mbolea ya viwandani, mavuno yameshuka, na kahawa yake bado inauzwa kama ya kawaida. Ndiyo maana walioingia kwa urahisi ni wale ambao hawakuwa wakitia kitu tangu mwanzo, kwa kukosa fedha. Lakini kuacha kutia dawa si kilimo hai kizuri. Mibuni isiyolishwa huzaa kila mwaka wa pili, majani yake hugeuka njano mavuno yanapokaribia, na ugonjwa wa kutu ya majani huikuta dhaifu.

Shamba hai linalofanya kazi hulishwa kwa njia tatu. Miti ya kivuli ya jamii ya Inga hukamata nitrojeni ya hewani, na matawi yake yanayopogolewa huachwa yaoze chini. Maganda ya buni huozeshwa na kurudishwa shinani badala ya kutupwa mtoni. Na Peru ina bahati yake: guano, kinyesi cha ndege wa baharini kinachokusanywa visiwani, chenye nitrojeni ya asilimia 10 hadi 14 na kinachoruhusiwa katika kilimo hai. Tatizo ni kuifikisha mlimani, kwa sababu gunia lenye bei nafuu pwani huwa ghali likishapanda nyumbu.

Dhidi ya kutu ya majani kuna mchanganyiko wa salfeti ya shaba na chokaa, kwa kiasi. Kanuni za Ulaya zinaruhusu wastani wa kilo 4 za shaba kwa hekta kwa mwaka, maana shaba haiozi, hujikusanya kwenye udongo. Dhidi ya ruhuka, mdudu anayetoboa matunda ya kahawa, hutumika kuvu wa *Beauveria bassiana* na, lililo muhimu kuliko dawa yoyote, kuokota kila tunda baada ya mavuno, yaliyobaki mtini na yaliyoanguka. Punje kumi zilizosahauliwa zinatosha kuanzisha kizazi cha msimu ujao.

Yanayoharibu cheti ni mambo madogo. Bomba la kupulizia limeazimwa kwa jirani. Gunia lilikuwa na mbolea. Upepo umeleta dawa ya magugu kutoka ng'ambo ya uzio. Chini ya kanuni ya Ulaya namba 2018/848, kundi la wakulima halizidi wanachama 2,000, sampuli huchukuliwa kwa angalau asilimia 2 yao kila mwaka, na angalau asilimia 5 hukaguliwa upya na mkaguzi wa nje. Cheti ni cha kundi zima. Mmoja akipuliza na uongozi ukanyamaza, wote wanaweza kukipoteza.

Kwa anayejali kivuli na ndege, nembo ya Bird Friendly ya Smithsonian ni kali kuliko zote: inadai cheti cha kilimo hai kwanza, kisha kivuli cha angalau asilimia 40. Rainforest Alliance haina bei ya chini iliyopangwa na inaruhusu baadhi ya dawa za viwandani. Usiiweke kapu moja na hizi tulizozijadili.

Peru

Kwa mtu anayetaka nembo zote mbili kwa bei inayovumilika, jibu letu ni Peru. Familia zaidi ya 220,000 hulima kahawa huko, wengi kwenye hekta chache, na vyama vimezoea karatasi za ukaguzi kwa miongo. Kaskazini kuna Cajamarca, kwenye miji ya Jaén na San Ignacio, ambako CENFROCAFE hukusanya kahawa ya vyama vingi vya msingi. Katikati kuna Junín, kusini Cusco, na mpakani na Bolivia kuna Puno, ambako mashamba ya Sandia hupanda juu sana na kahawa yake ikiwa nzuri ni nzuri kweli.

Ladha ya kawaida ni ya upole: chokoleti, njugu, sukari guru, uchachu kidogo. Aliyezoea kahawa ya Nyeri au Kirinyaga ataiona imepoa. Aliyezoea kahawa ya maziwa ataipenda.

Udhaifu wake uko kwenye kukausha. Kila familia humenya, huchachusha na kuanika nyumbani kwake, mara nyingi juu ya turubai chini, na mvua haina adabu. Kahawa ikifika ghalani na unyevu wa asilimia 13, itaanza kupoteza rangi kabla ya kufika bandari ya Callao au Paita. Chama kikichanganya kahawa ya familia mia tatu kuwa mzigo mmoja, kumi waliokausha vibaya huwaharibia wengine. Mavuno ni Aprili hadi Septemba au zaidi kidogo kwenye mashamba ya juu, na kahawa huingia Ulaya na Marekani kuanzia takriban Oktoba. Peru inayouzwa Agosti ni ya mwaka uliopita, na ladha ya mbao ikianza kuonekana usimlaumu mkaangaji.

Kolombia

Kolombia ina familia zaidi ya 500,000 za wakulima, wastani wa shamba ukiwa chini ya hekta mbili, na Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Kahawa lililoanzishwa 1927. Mkulima anaweza kuuza siku yoyote kwa fedha taslimu, kwa bei inayotangazwa, kwenye kituo cha ushirika. Huo ni uhakika wa mnunuzi, si uhakika wa bei: soko likianguka, bei ya kituoni huanguka nalo. Fairtrade huongeza pale ambapo mfumo huu unaishia.

Kilimo hai ni kichache huko, na sababu ni hali ya hewa kuliko nia. Mvua hugawanyika mwaka mzima, mibuni huchanua zaidi ya mara moja, na hivyo ruhuka ana matunda ya kula karibu miezi yote. Mkoa wa Huila, kwa mfano, huwa na mavuno makuu na madogo kwa mwaka. Huduma za ugani pia zilisukuma upandaji wa karibu karibu wenye mbolea nyingi, pamoja na aina zinazohimili kutu kama Castillo, iliyotolewa 2005.

Penye kilimo hai cha kweli ni Sierra Nevada de Santa Marta, kaskazini karibu na Bahari ya Karibi. Kiangazi chake ni kirefu, kwa hiyo mavuno ni mamoja na kivuli ni lazima, la sivyo mibuni hukauka. Jamii za Arhuaco na Kogi ni miongoni mwa wakulima wake. Kahawa yake ni nzito, ya chokoleti, uchachu mdogo. Ukitaka uchachu na matunda, nenda Nariño au Huila, ila utalipa zaidi kupata ya kilimo hai, au uridhike na Fairtrade peke yake. Hilo la pili si dhambi. Kahawa ya Huila ya Fairtrade yenye mbolea iliyotumika kwa kipimo inaweza kumnufaisha mkulima kuliko kahawa hai ya shamba lililochoka.

Ubora mwingine wa Kolombia ni kalenda. Mkoa mmoja ukimaliza, mwingine unaanza, kwa hiyo unaweza kupata kahawa mpya Machi na tena Septemba.

Majirani watatu, kwa kifupi

Bolivia: mavuno machache, karibu yote kutoka mabonde ya Yungas kuzunguka Caranavi. Kahawa hupandishwa kwa lori hadi El Alto, mita 4,000 juu ya bahari, hukobolewa huko kwenye hewa kavu na baridi, kisha hushuka hadi bandari ya Arica nchini Chile. Safari hiyo ndiyo inayoifanya iwe ghali. Tamu, safi, haipatikani kila mwaka.

Ekuador: sarafu ni dola ya Marekani, vibarua ni ghali, kwa hiyo bei huizidi Peru kwa ubora wa kawaida. Inafaa ukipata Loja au Zamora Chinchipe ya mashamba ya juu.

Brazili: mashamba makubwa yametawala, lakini kuna vyama vya wakulima wadogo kama COOPFAM ya Poço Fundo, Minas Gerais, vyenye nembo zote mbili. Kahawa hukaushwa na tunda lake, ni nzito, haina uchachu. Kwa spreso, au kwa kahawa chungu ya birika inayochemshwa kwa muda mrefu, tungeichagua hii kabla ya Peru.

Paketi inasema nini

Gramu 250 za kahawa iliyokaangwa hutoka kwenye takriban gramu 300 za kahawa safi (iliyokobolewa, bado haijakaangwa), maana kukaanga huondoa karibu asilimia 16 ya uzito. Hiyo ni ratili 0.66. Kwa paketi moja, basi, ziada ya Fairtrade ni senti 13, nyongeza ya kilimo hai senti 26, na bei ya chini ya nembo zote mbili ikijumlishwa na ziada, dola 2.40 kwa ratili, ni kama dola 1.58. Duka likitoza dola 5 zaidi kwa sababu ya nembo, sehemu kubwa ya tofauti hiyo haiendi Amerika Kusini.

Jani la kijani, nembo ya kilimo hai ya Umoja wa Ulaya, huambatana na namba kama DE-ÖKO-006. Namba hiyo humtaja mkaguzi wa aliyefunga paketi, si wa aliyelima; kahawa ya Peru iliyofungwa Ujerumani itakuwa na namba ya Ujerumani. Nchini Marekani kuna nembo mbili zinazofanana kwa jina: FAIRTRADE ya kimataifa, inayokubali vyama vya wakulima wadogo pekee kwa kahawa, na Fair Trade Certified ya Fair Trade USA, shirika lililojitenga mwishoni mwa 2011 na linalokubali hata mashamba makubwa. Kama nia yako ni mkulima mdogo, tofauti hiyo ina uzito. Nembo ya SPP (Símbolo de Pequeños Productores, yaani alama ya wazalishaji wadogo) ilianzishwa na wakulima wadogo wenyewe wa Amerika ya Kilatini; ukiiona, ichukue.

Paketi isiyo na nembo inayodai biashara ya moja kwa moja haina kiwango cha kuipima. Iamini ikiwa imechapisha jina la chama, bei ya bandarini na mwezi wa mavuno. Picha ya mkulima anayetabasamu si taarifa.

Ukinunua kwa gunia

Gunia la Peru ni kilo 69, la Kolombia kilo 70. Omba sampuli ya gramu 300 ya mzigo wenyewe, si ya mzigo "unaofanana nao". Uliza mwezi wa mavuno, unyevu (asilimia 10.5 hadi 11.5), kiwango cha maji huru, yaani "water activity" (chini ya 0.60), na kama kuna mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ndani ya gunia la katani. Usipokuwepo mfuko huo, usinunue mzigo wa kukutosha zaidi ya miezi minne.

Kabla ya kuchapisha paketi zako kumbuka: kununua kahawa yenye cheti hakukupi haki ya nembo. Fairtrade inataka mkataba wa leseni. Kwa kilimo hai, kiwanda chako cha kukaanga lazima nacho kikaguliwe, na ukikaanga kahawa hai na ya kawaida, mashine isafishwe na kumbukumbu ziandikwe kati ya moja na nyingine.

Sampuli ikifika, ikaange kwa rangi ya wastani, iache hadi kesho yake, kisha onja vikombe vitano, si kimoja: gramu 8.25 kwa kila mililita 150 za maji ya nyuzi 93, subiri dakika 4, vunja tabaka la unga lililoelea juu, onja ikipoa. Saga kila kikombe peke yake. Kwenye mzigo wa familia mamia, kasoro hujificha katika punje chache, na kusaga zote kwa pamoja huifunika. Kikombe kimoja kati ya vitano kikitoa harufu ya siki au ya dawa ya hospitali, rudia vitano vingine kwa punje mpya. Ikijitokeza tena, rudisha sampuli na uombe mzigo wa chama kingine cha msingi, hata kama karatasi zake zote ni safi.